Mnyama wa Blanketi

Wiki jana mjukuu wangu alinijia na daftari, mwalimu wao anataka tofauti tano kati ya punda milia na chui milia. Nilicheka mpaka mtoto akanuna. Hata wewe ungecheka, rafiki yangu, kama ungejua kwamba tofauti hizo mimi nilizijua baada ya kutoka mbio.

Miaka michache baada ya Uhuru nyanya yangu alipata shamba kwenye skimu ya kugawia watu ardhi nje ya Nanyuki, nami nikatolewa kwa shangazi kule Kangari, kwenye majani chai na ukungu, nikakae na nyanya. Nilikuwa na miaka saba. Mzigo wangu ulikuwa magauni mawili na blanketi lenye picha ya chui milia aliyetoa meno yote nje. Shangazi alikuwa amelifua blanketi hilo mara nyingi mno, rangi ya machungwa ikaisha, akabaki mnyama mweupe mwenye milia myeusi. Hivyo ndivyo nilivyomjua. Punda milia sikuwa nimemwona hata siku moja. Kwetu Kangari angekula nini, majani chai?

Nanyuki niliipenda. Nilikula viazi vilivyochomwa kwenye majivu, nikazoea kusinzia huku miti ya miiba ikipiga mluzi kwa upepo. Kazi yangu ilikuwa kuchunga ndama. Nyanya alikuwa na huyo mmoja tu, jike, na matumaini yake yote ya maziwa yalikuwa kwake. Kila asubuhi aliniambia, "Usiache hii ndama peke yake, ati hata kidogo!"

Siku moja, jua likiwa limeanza kuchoma, nilisikia kitu kikipumua kwa nguvu nyuma ya kichaka. Nikachungulia. Ubavu mweupe, milia myeusi. Kichwa sikukiona, wala sikukingoja. Nilimwacha ndama pale pale nikatimka.

"Cucu! Cucu! Ni ile ya blanketi! Iko na ndama yetu!"

Nyanya alilitazama blanketi nililoanika kwenye ua, akayatazama yale meno. Akajifunga leso kiunoni, akachukua panga la kukatia nyasi, akashika njia. Nilimfuata nikilia. Ya ndama nilikuwa nimeshayasahau. Niliogopa ataliwa yeye, nami nibaki na nani?

Tulipofika, ndama alikuwa akila nyasi katikati ya punda milia sita, ametulia kama yuko kwa wajomba zake. Nyanya aliketi chini kwa kishindo, panga likamtoka mkononi, akacheka mpaka machozi yakamtiririka. Akanivuta karibu.

"Angalia miguu," akasema. "Hii iko na kwato. Ile yako iko na makucha. Sasa angalia macho. Hii macho iko kando, inachunga nani anakuja kuikula. Ile yako inaangalia mbele, inatafuta nyama. Milia ni nguo tu, mami."

Moyo ulinitua. Nilicheka naye huku kamasi zikinitoka, na sidhani nimewahi kuwa na furaha kama ile tena.

Miaka ikapita, na shuleni mwalimu akatufundisha kwamba chui milia ni mnyama wa Asia, huwinda peke yake, na hajawahi kuishi porini kwetu. Nilirudi likizo nikamweleza nyanya, nikitarajia atacheka.

"Na mimi ningejua aje?" akasema, akiendelea kumenya viazi. "Wewe ulisema iko hapo."

Siku zote nilidhani alikwenda kunituliza tu.

Leo pale pamejaa nyumba za mabati, punda milia wamefungiwa ng'ambo ya seng'enge ya umeme, na nyanya tulimzika upande wa juu wa shamba. Wengi wamenipenda tangu wakati ule, na ninawashukuru. Lakini nikiwaambia kuna hatari, huanza kwa kuniuliza kama nina hakika.