Maharage ya Jumamosi

Katika sayansi ya kidato cha kwanza, haragwe lina wajibu mmoja tu: kuota pale kitabu kiliposema litaota, na kutulia pale kitabu kiliposema halitaota. Neli ya kioo ya kwanza hutiwa pamba yenye maji. Humo haragwe huota. Ya pili hutiwa pamba kavu, humo halioti. Ya tatu hutiwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na juu yake mafuta ya kupikia kuzuia hewa. Humo pia halioti. Ya nne hupelekwa kwenye friji, na humo hata mwanadamu asingeota.

Jaribio huanza Jumatatu na kusomwa Jumatatu inayofuata. Kwa miaka kumi na tisa mfululizo, katika shule ile, hakuna haragwe lililowahi kuasi. Walimu walikuja wakaondoka, mapaa yalivuja, friji ilikufa mara mbili ikafufuliwa, na maharage yakaendelea kuwa na nidhamu kuliko wanafunzi. Hakuna aliyeshangaa. Watu hushangaa mambo yakiharibika. Yakienda sawa huona ni haki yao.

Siri ya nidhamu hiyo ilikuwa mtunza maabara. Wanafunzi walimwita Mzee Matone, kwa sababu ya maneno manne ambayo ndiyo karibu hotuba yake yote: "Tone kwa tone, usimwage." Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye koti jeupe lililokuwa na doa la iodini mfukoni, doa lililowazidi umri baadhi ya walimu. Hakufundisha. Kazi yake ilikuwa kuosha chupa, kutuliza mizani, na kuhakikisha kwamba kitakachowastaajabisha watoto saa nne kimeshatokea saa mbili bila mashahidi.

Na kila Jumamosi ya juma la maharage alifungua maabara kwa ufunguo wake, akapita meza baada ya meza. Haragwe lililozembea kuota neli ya kwanza alilitoa, akatia jingine lenye mzizi. Lililoota pasipotakiwa alilitupa, akatia jipya lisilo na habari ya dunia. Maharage haya ya akiba aliyatoa nyumbani, kwenye sahani mbili za bati alizoweka dirishani na kutia maji Jumatatu ileile ya wanafunzi.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na kiti kimoja kilichozoeleka. Mkewe alifariki miaka minane iliyopita. Binti yao wa pekee aliishi mji mwingine na alipiga simu Jumapili alasiri, akikumbuka. Ukimwacha mwenye nyumba, maharage ndiyo yaliyokuwa na uhai humo ndani, na kusema kweli ndiyo yaliyoonyesha maendeleo.

Hakuwa mdanganyifu kwa tabia. Alikuwa na jambo moja kooni, halimezeki wala halitemeki. Mwaka ule binti yake alipokuwa kidato cha kwanza, haragwe lake la neli ya tatu, lile la mafuta, liliota. Mtoto akaandika alichokiona. Mwalimu wa wakati ule akamchorea sifuri nyekundu yenye ukubwa wa yai, na chini yake: "Haiwezekani."

"Baba, liliota," mtoto alisema jioni ile. "Nimeliona kwa macho yangu."

"Kitabu kinasemaje?"

"Kinasema halioti."

"Basi."

Neno hilo "basi" lilikuwa fupi, na amekaa nalo tangu siku hiyo. Maana yeye ndiye aliyemimina mafuta. Shule ilitoa chupa nzima. Yeye akaweka kwenye kila neli utando mwembamba kama machozi ya mrithi, na yaliyobaki kwenye chupa akaenda nayo nyumbani. Jioni ile ya sifuri, familia ilikula mayai ya kukaanga. Binti hakuipenda tena sayansi. Alisomea uhazili, na sasa yuko ofisini, anachapa barua za watu neno kwa neno, bila kuongeza alichokiona yeye.

Tangu hapo Mzee Matone aliapa kwamba hakuna mtoto mwingine atakayepata sifuri kwa sababu ya haragwe. Lakini hakumwambia binti mwenyewe kitu. Kila Jumapili alikusudia, na kila Jumapili wakaongea habari za mvua.

Siku za mwizi ni arobaini, walisema wahenga, ambao ni dhahiri hawakuwahi kuajiriwa shuleni. Zake zilifika mwaka huu, alipokuja mwalimu mpya wa sayansi, binti mdogo mwenye viatu vya raba na maswali mengi. Kabla ya kuwagawia wanafunzi, mwalimu huyu alikwaruza kila haragwe kidogo kwa wembe. Hakumshuku mtu. Alitaka tu watoto waone gamba litaanzia wapi kupasuka.

Jumatatu ya matokeo, asubuhi, Mzee Matone alimkuta ameinama kwenye neli, kibano mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu."

"Mzee wangu, maharage yangu yalikuwa na alama. Haya hayana. Yamepona?"

Mzee Matone aliangalia doa la mfukoni mwake. "Haragwe likiota, gamba hubambuka."

"Hubambuka, ndiyo. Lakini haya kumi na moja yana magamba yao, yanang'aa kama bwana harusi. Nani mwingine ana ufunguo?"

"Mimi na mkuu wa shule."

"Mkuu wa shule hawezi kutofautisha haragwe na kidonge."

"Basi ni mimi."

Mwalimu akavuta stuli, akakaa. "Tangu lini?"

Alipoambiwa idadi ya miaka, alitazama stuli zote tupu, kama mtu anayehesabu watoto. "Kwa nini, mzee?"

"Mtoto asipate sifuri."

"Mtoto gani?"

"Yeyote."

Mzee Matone alingoja. Alikwisha kujiona amekabidhi koti na ufunguo, amekaa kwenye kile kiti kimoja kuanzia asubuhi hadi asubuhi. Lakini mwalimu alisema tu, "Tunalirudia jaribio. Ufunguo kaa nao. Ila Jumamosi, mikono mfukoni. Ukiona kitu, andika."

Kusamehewa huko kulimwacha hoi. Angefukuzwa angekuwa na la kusimulia. Sasa alikuwa na Jumamosi nzima, na mikono miwili isiyo na kazi.

Alikwenda hata hivyo, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na wa kumuuliza anakwenda wapi. Kwa mazoea alikuwa ametia maji sahani zake, na kwa mazoea alikuwa na maharage manne kwenye kitambaa cha maji mfukoni. Akapita meza baada ya meza. Kwenye meza ya sita alisimama. Neli ya tatu. Chini ya utando wa mafuta uliopungua upande mmoja, haragwe lilikuwa limetoa mzizi mweupe, mdogo kama punje ya mchele.

Kulibadilisha kungemchukua nusu dakika. Vidole vilishazoea na havikuhitaji ruhusa yake. Uwanjani kulikuwa kimya, na bomba la sinki lilidondoka tone, likangoja, likadondoka tena. Mwishowe alitoa mkono mfukoni ukiwa mtupu, akachukua daftari, akaandika: "Meza ya sita. Neli ya tatu. Limeota. Mafuta machache."

Jumapili simu haikulia.

Jumatatu darasa lilipogundua, meza ya sita ilipata taabu yake.

"Lenu limeota matamvua, linapumua kama samaki."

"Nyie mmelipikia nini?"

Msichana aliyekuwa na daftari la kundi alishika kifutio. "Mwalimu, nifute?"

"Umeona nini?"

"Limeota."

"Basi limeota. Swali ni kwa nini. Mzee, wewe uliliona kwanza. Hebu tusaidie."

Macho arobaini na mawili yakamgeukia. Hakuwahi kuongea mbele ya darasa bila kuwa na chupa mkononi. Alifungua daftari lake, akasoma kama anayesoma hukumu yake mwenyewe: "Mafuta yalikuwa machache. Hewa ilipita. Haragwe halikukosea." Akafunga daftari. Msichana aliandika yote matatu, akapata tisa juu ya kumi. Moja ilikatwa kwa ajili ya mwandiko.

Alasiri ile Mzee Matone alipiga simu mwenyewe. Haikuwa kawaida yake, na binti alipokea kwa hofu.

"Baba? Unaumwa?"

"Siumwi. Nimepiga kuhusu haragwe."

"Haragwe gani tena?"

"Lako. La kidato cha kwanza, neli ya tatu. Liliota kweli."

Nyuma ya sauti yake kulisikika mtu akicheka ofisini, mlango ukafungwa.

"Baba, najua liliota. Nililiona."

"Mafuta yalikuwa machache. Ni mimi niliyeyaweka."

"Najua."

"Unajuaje?"

"Chupa ilikuwa na kibandiko cha maabara. Ilikaa jikoni mwezi mzima. Mama alikuwa anaigeuza itazame ukuta kila akija mgeni."

"Mama yako alijua?"

"Baba, nyumba ilikuwa vyumba viwili."

"Mbona hukumwambia mwalimu?"

"Nimwambie nini? Mayai nilishayala." Akacheka kidogo, na kicheko hicho kilikuwa cha mama yake. "Angekufukuza. Sasa... ngoja, naitwa. Nitakupigia Jumapili, sawa?"

"Sawa, mwanangu."

Alibaki na simu sikioni mpaka ikazima mwanga. Miaka kumi na tisa watu watatu walikuwa wamelinda siri moja, kila mtu peke yake, kila mtu akitembea kwa ncha za vidole asiwaamshe wawili waliokuwa macho. Na mmoja alikwisha ondoka nayo, bila kumwambia mume wake kwamba hakuna haja ya kutembea hivyo.

Dirishani, maharage yasiyo na kazi tena yalikuwa yametoa majani. Yote yalikuwa yameinamia kioo, nje, kuliko na mwanga, kama sura ya nne ya kitabu inavyoagiza. Kisha akazizungusha sahani zote mbili, majani yakaelekea chumbani, kwenye kiti.

Kufika Jumatano yalikuwa yamegeuka tena dirishani. Hilo nalo akaliandika.