Imba Unatembea

Enzi zetu kule Ubaruku, kabla mtoto hajajua kusoma alikuwa ameshajua kuamia ndege. Mpunga ukianza kukomaa, kweleakwelea walishuka kama wamealikwa, nasi tulishinda kwenye matuta ya majaruba tukigonga madebe na kupiga kelele mpaka sauti zikauke. Watoto wa siku hizi bando likikata saa moja tu, wanasema maisha ni magumu.

Mwenzangu shambani alikuwa Tumpe, binti wa shangazi yangu, huyu huyu mnayemwona kwenye televisheni akiimba nyimbo zake za kuchekesha. Alianzia pale tutani. Mwalimu wetu na baiskeli yake isiyo na breki alikuwa na wimbo wake, na mwenye mashine ya kukoboa alikuwa na wake. Siku alipomtungia Bibi wimbo wa kukoroma kanisani, watoto wa majaruba ya jirani waliacha madebe wakaja kusikiliza. Tumpe akasimama wima, akaimba akiigiza na mkoromo wenyewe, nami nikacheka mpaka nikakaa chini. Tulipogeuka, kona nzima ya jaruba ilikuwa masuke matupu.

Bibi akampiga marufuku kuimba. Jamani, wiki ile! Tumpe aliniambia, "Mwenzio nisipoimba nitaugua," na kweli hata chakula kilimshinda. Nami bila nyimbo zake nikawa nasinzia juani, ndege wakala kuliko mwanzo. Mwishowe Bibi mwenyewe akaja na uji wetu, akasema, "Haya, imba. Ila uimbe unatembea. Ukisimama tu, ndege wanakula."

Ndiyo maana hadi leo Tumpe hatulii jukwaani, ni huku na huku tangu mwanzo hadi mwisho. Wanangu wanasema ni staili.

Mwezi uliopita, wiki mbili baada ya kumzika Bibi, aliimba ule wimbo wa kukoroma, mubashara. Nilikuwa nyumbani Ipogolo na wanangu, kila mmoja na simu yake. Katikati ya wimbo Tumpe akasimama, wimbo ukakatika. Niliumia sana, nikajikuta nimeinuka kwenye kochi, machozi yananitoka, nampigia kelele, "Tembea, Tumpe! Ndege wanakula!"

Akapangusa uso, akaanza kutembea.

Wanangu wakainua macho kwenye simu zao, wakaniuliza ndege gani.