Kindege cha Kuonwa na Wageni

Kwenye karakana ile walitengeneza vindege visivyo na rubani, vile ambavyo askari huvirusha kwa mkono, vikaenda kuchungulia adui amejificha wapi, kisha vikarudi. Mkurugenzi wao walimwita Bwana Tuone, kwa siri bila shaka, maana hakujua neno jingine. Umeunganisha nyaya? Tuone! Umemaliza bawa? Tuone! Haya, aone, na akishaona asielewe kitu.

Fundi rangi alikuwa Brashi, mtu mzima mwenye mvi na mdomo usio na breki, naye alimdharau mkurugenzi tangu siku ya kwanza. Kindege cha mwanzo alikipaka kijivu cha mawingu, tabaka jembamba tumboni na chini ya mabawa. Kikipaa hukioni. Injini nayo ilinong'ona tu. Si ndiyo kazi ya kuchungulia hiyo?

Siku ya maonyesho wakubwa walikaa chini ya hema na soda zao. Kindege kikarushwa, kikapotea angani kama ilivyotakiwa. Wageni wakakodoa macho mpaka shingo zikawauma, na mmoja akauliza kwa sauti, "Mbona hakuna kitu?" Bwana Tuone alilowa jasho, akatamani ardhi ipasuke.

Kesho yake akaja na amri. Vyote vipakwe rangi ya chungwa, tena iliyokolea! Na kile kifaa cha kupunguza mlio wa injini king'olewe, ili wageni wasikie kazi inafanyika.

"Mkurugenzi," Brashi akamuuliza, "hiki ni cha vitani au cha harusini?"

"Wewe paka rangi. Mambo ya vita tuachie wenyewe."

Wenyewe! Mtu ambaye vita amevionea kwenye televisheni, miguu juu ya stuli. Maonyesho ya pili yalifana. Kindege cha chungwa kikapita juu ya hema kikinguruma, makofi yakapigwa, na oda ikatoka palepale: vyote viwe kama hicho kilichoshangiliwa.

Brashi alicheka mpaka mbavu zikamuuma. Alikuwa bado anacheka simu ilipolia, na alikuwa kifungua mimba wake, askari, akipiga kutoka kambini. Kikosi chao ni kimojawapo cha vile vitakavyopewa vindege.

"Baba, tumeambiwa ni vya chungwa na vinanguruma, tena vinarudi kwa aliyevirusha. Sasa adui si atavifuata kwa macho mpaka tulipo?"

Kicheko kikamkauka. "Nitashughulikia, mwanangu," alisema, akakata simu.

Akaenda moja kwa moja ofisini kwa mkurugenzi. Njiani alimpita Dada Gundi, yule mwanamke wa kugandisha mabawa, ambaye mume wake alikuwa huko huko vitani kwenye kikosi cha jirani. "Kaka, mpe vidonge vyake!" Dada Gundi akamhimiza. "Utusemee wote!"

Brashi aliingia bila hodi, akapiga meza, akamwita mkurugenzi mpumbavu. Alingoja kufukuzwa. Bwana Tuone akainuka, akafunga mlango taratibu.

"Mzee wangu, mbona hukusema una mtoto huko? Kikosi gani? Basi, cha kwake kipake upendavyo, na injini yake irudishie kimya chake. Ila haya yabaki kati yetu."

Matusi ya mwaka mzima yalikuwa yamejaa mdomoni mwa Brashi. Akayameza yote. "Asante, mkurugenzi," akasema. Asante! Na kichwa akainamisha, huyo huyo Brashi.

Basi akapaka kimoja kijivu, kwa uangalifu kama anamvisha mtoto mchanga. Vingine vyote akavipitishia chungwa. Alikuwa anafunga sanduku la kile cha mwanawe wakati Dada Gundi alipoingia, akakiona, akapiga kigelegele.

"Umemweza, kaka! Nilijua tu! Na hivi vingine unavibadilisha lini? Cha kikosi cha mume wangu ni kipi?"

Brashi aliendelea kukaza skrubu ambayo tayari ilikuwa imekaza. Mwanamke akatazama safu ya vile vya chungwa, akalitazama sanduku, kisha akamtazama yeye kuanzia mvi mpaka viatu.

"Afadhali yule mjinga," alisema. "Yeye hajui anachofanya."

Akasonya, akarudi kwenye mabawa yake.