Kesi Yangu na Mashine ya Kusaga

Mwaka niliostaafu ualimu, jirani yangu hapa Yamumbi alifungua mashine ya kusaga mahindi, mlango wake ukatazama dirisha la jikoni kwangu. Kati yetu kulikuwa na mabati tu. Vumbi la unga lilitua kwenye nguo nilizoanika, kwenye chai, na kwenye mgongo wa ng'ombe wangu mweusi, hadi mgeni mmoja akanipongeza kwa kununua mweupe. Kwa ngurumo ya mashine nilizoea kupiga kelele kwenye simu, binti yangu akadhani nimemkasirikia.

Nilimwendea jirani kwanza. Ni mtu mpole, na alinisikiliza vizuri, ila mashine ilikuwa inanguruma.

"Asante sana, Mwalimu," alijibu. "Hata mimi nimefurahi tuko karibu."

Nikaenda kwa chifu.

"Mwalimu, hayo ni maendeleo," alisema.

Nikamwomba maendeleo yasogee mbele kidogo. Akaniahidi baraza. Baraza likaitishwa kweli, tukazungumzia mbwa wanaozurura.

Nikamwandikia afisa wa afya. Baada ya barua ya tatu alifika, mtu nadhifu mwenye kifaa cha kupima kelele. Asubuhi hiyo stima ilikuwa imepotea, na mashine bila umeme haisagi. Alisimama uani, akainua kifaa chake, akasikiliza kuku.

"Mama, hapa ni pazuri sana kuishi," alisema, akaandika hivyo hivyo.

Ndipo nikatafuta wakili mjini. Aliniambia sheria inamlinda mtu dhidi ya kero ya jirani, na korti inaweza kutoa amri ya kuizuia.

"Lakini niletee ushahidi," alisema. "Hasira ninazo za kutosha hapa ofisini."

Kwa miezi miwili nikajaza daftari: saa mashine ilipowashwa, saa ilipozimwa, siku nilizokohoa. Nilipiga picha hata sufuria.

Kortini, wakili wa jirani alinitazama kwa huruma.

"Mwalimu, ugali uliokula jana, unga wake ulisagwa wapi?"

Nilikuwa nimeapa.

"Kwake," nikasema.

Korti nzima ikacheka, karani pia. Nilitamani ardhi inimeze. Hakimu alingoja watulie.

"Mtu ana haki ya kula ugali bila kuuvuta kwa pua," alisema. Akaamuru mashine ijengewe chumba cha matofali, iwekewe mfuko wa kunasa vumbi, na isage kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Jumapili ipumzike.

Jirani alitii. Mtaa ndio uliokataa kunisamehe. Nilipofika na debe langu, maana niliendelea kusaga pale pale, kina mama kwenye foleni walinigeuzia mgongo. Nilijiona kama mwizi wa kuku. Halafu wakaanza kuja kwangu mmoja mmoja, kila mtu na kero yake: maji machafu ya pale wanapoosha magari, moshi wa mwenye kuchoma nyama. Wote walitaka niwaandikie barua.

Siku moja akaja jirani mwenyewe, akaketi sebuleni akizungusha kofia mikononi. Fundi wa kuchomelea vyuma alikuwa amefungua karakana nyuma ya mashine yake.

"Mwalimu, zile kelele! Mtu hawezi kufanya kazi."

"Umezungumza naye?"

"Nimejaribu. Hasikii."

Nilichukua kalamu, nikamwambia aanze na tarehe.