Mstari Shingoni

Mwanamme kulea mtoto peke yake ni aibu ya nani? Sidab nzima, kijiji cha wavuvi jirani na Maskati, ilishalijibu swali hilo kabla Mahfoudh hajaulizwa. Alipopita na Kheiria begani, wanawake waliokuwa wakisafisha samaki walishusha sauti, kama watu walio matangani.

Unguja alikuwa mwalimu. Mwaka wa sitini na nne alishuka Maskati na mkewe Aliya, mtoto wa kunyonya na furushi la nguo. Nchi ya babu zake ilimpokea kwa jua na mawe. Skuli zilihesabika kwa vidole, na hapakuwa na aliyemtaka mwalimu mwenye Kiarabu cha kukwamakwama. Msimu wa joto wa mwaka ule ule ukamchukua Aliya. Homa tu! Homa ambayo daktari aliye karibu angeliitibu, lau wanyonge wangelihesabiwa kuwa watu. Mahfoudh akabaki kuanika papa kwa ujira wa siku, mtoto kamfunga mgongoni kwa kanga ya mamake.

Kilichomtuliza ni kipande cha mkaa. Kila alasiri alikaa mwambani, Kheiria katikati ya magoti yake, akachora ndege juu ya karatasi za buluu za kufungia sukari: membe, tai wa majabalini, yangeyange kasimama kwenye maji ya kupwa. Saa hiyo tu ndipo kifua kilipomlegea. Na Kheiria, ambaye sasa ana miaka minne na watu hawasemeshi, aliwasemesha ndege. Baba aliwabandika ukutani kwa uji wa unga, mtoto akampa kila mmoja jina, na kabla ya kulala akawatolea salamu mmoja mmoja.

Siku moja akaja Masouda, dada mkubwa wa marehemu, aliyekaa Maskati, ndani ya ukuta wa mji. Alivuka kilima kwa miguu, akaingia akihema.

"Shemegi, hiki kichwa cha mtoto au kiota cha kunguru?"

"Kiota, dada. Kunguru mwenyewe katoka kidogo."

Kheiria akacheka. Masouda hakucheka, macho yake yalikuwa ukutani.

"Nimekwambia mpaka nimechoka. Nyumba yenye sura za viumbe, malaika wa rehema haingii. Ndiyo maana huzuni haitoki humu."

"Huzuni haikuletwa na ndege."

"Sikutakii ubaya. Wapige mstari shingoni, kama tulivyofunzwa chuo cha Kurani. Kiumbe aliyekatwa shingo hana roho tena, na picha zako unabaki nazo. Ukikataa, kesho asubuhi nnamchukua mtoto wa mdogo wangu. Nnajua kadhi atamsikiliza nani."

Mahfoudh naye alijua. Masouda akaondoka mapema, awahi kabla mlango wa mji haujafungwa usiku.

Mstari tu, Mahfoudh akajiambia. Mstari mmoja, na mwanangu anabaki. Akashika mkaa, akaanza na membe. Alipofika kwa yangeyange, mwenye shingo ndefu kuliko wote, akaupitisha vilevile. Hapo Kheiria akaingia kutoka uani na makombe ya pwani mkononi.

"Baba, wamefanywa nini?"

"Wamepigwa mstari tu, mwanangu. Ili ubaki na mimi."

Mtoto akaigusa shingo ya yangeyange, kidole kikatoka cheusi. Sikukuu iliyopita alimwona mbuzi wa jirani, akaona na kisu kinapopita.

"Umewachinja."

"Huu mkaa tu, mama. Tazama, unafutika."

Akamega mkate, akausugua mstari wa membe kwa kiini chake laini kama alivyokuwa akiwafundisha wanafunzi wake. Mstari ukafutika, na shingo ya membe ikafutika nao. Kichwa kikabaki kinaelea peke yake. Kheiria akamtazama baba yake, halafu akenda kukaa pembeni, uso kauelekeza ukutani. Hakula. Siku ile ndege hawakupata salamu, wala baba.

Asubuhi yake Mahfoudh alirudi kisimani na ndoo, akamkuta Masouda mlangoni anautazama ukuta, uso umemkunjuka.

"Umefanya la kheri, shemegi. Basi, mtoto ni wako. Mimi nimekuja kumsuka nywele tu."

Kabla Mahfoudh hajaitua ndoo, Kheiria akatoka. Makubadhi kayavaa la kulia kushoto. Mkono mmoja kashika karatasi ya yangeyange, kaibandua mwenyewe ukutani. Penye shingo ya ndege kaizungushia karatasi kitambaa kilichochanwa kwenye kanga ya mamake, kakifunga fundo. Mkono wa pili akautia katika mkono wa Masouda.

"Twende, Mama Mkubwa."

Masouda akamgeukia Mahfoudh. "Si mimi, shemegi," akasema. Mtoto akamvuta.

Wakapanda kilima. Upepo wa bahari ulikuwa umeanza, na Mahfoudh, ndoo ingali mkononi, akamwona mwanawe akiuachia mkono wa Masouda, si kwa kurudi, bali apate kukishika kichwa cha yangeyange kwa mikono miwili, kisije kikaanguka.