Pale Gitaa Linapongoja

Nilikuwa nimeinama sokoni Kikula nachagua sombe, majani ya muhogo, napekua fungu moja moja kwa sababu siku hizi wauzaji wanaficha majani makavu ndani na mabichi wanayaweka juu. Mara wimbo ukaanza kwenye kibanda cha kijana anayejaza nyimbo kwenye simu za watu. Niliutambua kabla mwimbaji hajafungua mdomo, kwa lile gitaa la mwanzo linaloingia likisitasita kama mgeni asiyejua kama chakula kimeshaliwa. Nikasimama na sombe mkononi, nangoja ile sehemu ya katikati, pale gitaa linaposhuka, ngoma inagonga, na jina la mtu linaitwa. Gitaa likashuka. Ngoma ikagonga. Jina halikuja.

"Mwizi!" nikasema kwa sauti.

Muuza sombe akaukumbatia mfuko wake wa pesa. "Mama, mwizi iko wapi?"

"Iko ndani ya ile wimbo," nikamjibu, nikalipa, nikaondoka na sombe ambazo hata sikumaliza kuzipekua.

Sasa kaa vizuri, rafiki yangu, nikueleze kesi hii toka mwanzo, maana nimeibeba tangu utotoni na hakimu sijamwona.

Mwimbaji wetu alikuwa kijana wa Panda, mtaa wetu, mtoto wa fundi wa kiwandani. Nyimbo alitunga mwenyewe na gitaa alipiga mwenyewe. Nilimpenda kuliko chakula, na nasema hivyo nikikumbuka miaka ambayo chakula kilipendwa sana. Alitoa kaseti tatu tu maishani mwake, na maoni yangu juu yake hayajabadilika: ya kwanza ni bora, ya pili iliharibiwa, na ya tatu ni ya kupelekwa mahakamani. Ukikutana na mtu anayesema ya pili ndiyo bora, mchunguze vizuri kabla hujamkopesha hata sufuria.

Ya kwanza ilirekodiwa mchana katika ukumbi wa wafanyakazi pale Panda. Mtayarishaji alikuwa fundi wa redio wa Kikula, mtu mkimya, na hicho ndicho kipaji chake chote: aliweka mikrofoni akakaa pembeni. Ndiyo maana kaseti ile ina uhai. Unasikia jogoo. Unasikia kiti kinaburutwa. Upande wa pili, katikati ya wimbo wa huzuni, king'ora cha zamu kinalia kutoka kiwandani, na mwimbaji ananyamaza kwa adabu mpaka kimalize, halafu anaendelea kulia pale alipoachia. Mtayarishaji mwingine angefuta. Yule aliacha, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Kwetu kaseti ile ilikuwa na kazi zake. Asubuhi nilipanda kwenye bati kuanika betri juani ili zipate nguvu kidogo. Kurudisha kaseti nyuma kwa redio ilikuwa marufuku, betri zingeisha, kwa hiyo nilizungusha kwa kalamu ya Bic mpaka kidole kikauma. Jioni nkambo, yaani nyanya yangu, alitwanga sombe, samaki wakavu wa ziwa Tshangalele wakiloweka kwenye bakuli, na mimi nilibonyeza redio pale tu maji ya bukari, ugali wetu, yalipoanza kuchemka. Hapo jirani yetu alikuwa akitokea kwenye ua wa majani, mikono imejaa unga, kusikiliza jina lake.

Kwa maana kwetu waimbaji wana desturi ya kutupa jiwe. Katikati ya wimbo, gitaa likishapamba moto, mwimbaji anaita jina la mtu, na jina hilo linaenda kila mahali kaseti inapoenda. Wakubwa hulipa ili waitwe. Jirani yetu hakulipa kitu. Alikuwa anapika munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, na siku za mazoezi yule kijana alipitia kwake koo limemkauka, akanywa bure, akaambiwa aongeze. Basi kijana akamlipa kwa jiwe: "Mama Mapasa wa Panda, munkoyo iko wapi?" Mama Mapasa, mama wa mapacha. Mapacha wenyewe walikuwa rafiki zangu wa damu, na kila jina hilo lilipoitwa tulijibu sote watatu kwa kelele, "Iko hapa!" Nkambo alitutishia mwiko.

Kaseti ya pili ilikuja pamoja na taabu. Mtayarishaji wa pili alitoka Kinshasa, na alivaa miwani myeusi hata kanisani. Nkambo alimtazama mara moja tu. "Muntu anaficha macho muchana," alisema, "iko na kitu alifanya." Mtayarishaji huyo alileta kinanda cha umeme kinacholia kama mbuzi aliyefungiwa jikoni. Gitaa akalisukuma nyuma, na jina lake mwenyewe akalipandisha mbele, kila wimbo, mpaka ule wa mazishi. Nilimshuku yeye na kanda zake. Ukiweka sikio karibu kabisa, chini ya sauti ya kijana wetu unasikia kwa mbali mwanamke anaimba kitu kingine. Walikuwa wamerekodi juu ya wimbo wa mtu mwingine, jamani!

Lakini miaka ile nani hakumshuku mwenzake? Baba alikwenda kampunini, kule kiwandani, na nguo safi, akarudi na nguo safi, maana kazi hakuna, na mshahara ulikuwa hadithi. Mwalimu wetu alifunga darasa akakaa njia panda kuuza mikate ya mafuta. Unga tuliushuku una chokaa, mafuta ya taa tuliyashuku yana maji, na chungu cha jirani kikitoa harufu ya nyama, tuliuliza nyama hiyo imetoka wapi. Tukaanza kupika mlango umefungwa. Halafu siku moja king'ora cha zamu hakikulia, na kesho yake pia. Tukajikuta tunakisikia kwenye kaseti tu.

Ndipo yakaanza yale maneno. Nani ni wa hapa, nani ni mgeni. Watu ambao baba zao waliletwa zamani kutoka Kasai kuja kufanya kazi za kampuni, wakazaa hapa, wakazika hapa, wakaanza kuambiwa wana kwao, waende. Kituo cha treni kikajaa magodoro na sufuria na watu wakingoja mabehewa. Mwalimu, ambaye alipenda kutufundisha methali za Kiswahili cha vitabuni, alituambia pale penye mikate yake, "Kikulacho ki nguoni mwako." Sikuelewa alikuwa anamsema nani. Nadhani yeye pia alichagua kutofafanua.

Mama Mapasa alizaliwa Panda. Kasai hakuijua hata kwa picha. Lakini baba yake alitoka huko, na hilo likatosha. Nkambo, aliyekula naye chungu kimoja, akanivuta sikio: "Usiende tena kule. Bantu banaangalia." Nikaenda hivyo hivyo, na kibuyu cha kuombea munkoyo kama kisingizio.

Ndiyo maana nilikuwepo vijana walipokuja. Ilikuwa alasiri. Wengine niliwajua, walikuwa wakicheza mpira nyuma ya ukumbi. Walishika fimbo na matawi, na mkubwa wao akauliza, "Mama, juu ya nini haujaenda? Treni inakungojea."

Mama Mapasa aliingia ndani, akatoka na redio, akaiweka juu ya kigoda. "Mbele ya kuniambia miye niko muntu wa wapi," alisema, "musikilize kwanza." Akabonyeza. Mapacha walinishika mikono, mmoja kila upande. Gitaa likashuka, ngoma ikagonga, na kijana wetu akaita mbele ya fimbo zote zile: Mama Mapasa wa Panda, munkoyo iko wapi?

"Munasikia?" alisema. "Haisemi wa Kasai. Inasema wa Panda."

Haki ya Mungu, mmoja wao alicheka. Wimbo huo walikuwa wameucheza harusini wote, na miguu ya mwingine ilianza kutikisika peke yake. Fimbo zikashuka. Waliondoka, na mimi nikaamini kwamba wimbo unaweza kuzuia treni. Mkubwa wao tu ndiye aliyegeuka mlangoni. "Na huyu mwimbaji," alisema, "anaimbia bantu ya Kasai? Tutamuona."

Mimi nilikuwa mtoto; nilisikia nikasahau. Kesho yake asubuhi nilimwona Mama Mapasa anaenda ukumbini na kibuyu kimefunikwa kitambaa. Akamwita yule mwimbaji pembeni, wakaongea muda mrefu, yeye akisema, kijana akitikisa kichwa. Nikajua anamwomba aliite jina lake tena kwenye kaseti mpya, kwa nguvu zaidi. Habari ilikuwa imeenea kwamba ule wimbo, kwa kupendwa, utarekodiwa upya na yule mwenye miwani.

Kaseti ya tatu mwalimu ndiye aliyeipata kwanza. Tulijaa kwenye lupango lake, kiwanja cha nyumba yake, ua mzima, hata waliokuwa hawasalimiani. Mama Mapasa alisimama nyuma kabisa. Kinanda cha mbuzi kikaingia, nikavumilia. Gitaa likashuka. Ngoma ikagonga. Sisi watatu tulishavuta pumzi ya kujibu "Iko hapa!" na pumzi ikabaki kifuani. Palikuwa na shimo. Gitaa lilingoja, likangoja, halafu likaondoka peke yake. Watu wote wakageuka kumtazama Mama Mapasa, na yeye akasema tu, "Ngoma ni muzuri," akawashika mapacha, akaenda nyumbani.

Haikupita wiki wakaenda kituoni. Niliwasindikiza hadi kwenye uzio. Alinipa kaseti ya kwanza kupitia kwenye waya, akaniambia niianike vizuri, akakosea, alitaka kusema betri. Nililia mpaka nkambo, ambaye hakuniuliza nilikuwa wapi, akanifunga kitenge kichwani kama mtu mwenye homa. Kaseti yenyewe haikudumu. Shangazi yangu aliokoka, akakosa kaseti tupu, akarekodia mahubiri juu yake. Niliweka sikio karibu kabisa. Chini ya mhubiri hapakuwa na jogoo, hapakuwa na king'ora, hapakuwa na mtu.

Tangu hapo nimekuwa mpelelezi. Kwanza nilimshtaki mwenye miwani: mtu anayejiita mwenyewe hadi kwenye wimbo wa mazishi atashindwa kufuta jina la mpika munkoyo? Lakini kaseti hairuki pale. Hapakukatwa. Na ukisikiliza kwa makini, ndani ya lile shimo, mtu anavuta pumzi. Ni pumzi ya mwimbaji. Alikuwa pale, alijaza kifua ili aite, akafunga mdomo. Basi nikamshtaki yeye. Niliyempenda kuliko chakula, nikamwita mwoga, na kaseti zake nikaendelea kuzisikiliza kama mke anayepekua mifuko ya mumewe. Aliacha kuimba miaka mingi iliyopita. Wengine wanasema anaendesha lori, wengine wanasema ni mchungaji. Siamini yoyote kati ya hayo.

Siku ile ya sombe nilirudi kwa kijana wa kibanda, akaniwekea wimbo kwenye simu, ule wenye shimo, ndio pekee uliobaki duniani. Jioni nikampigia mmoja wa mapacha, yule wa kwanza kuzaliwa. Tulishapatana tena kwa simu, yuko Mbuji-Mayi, kule Kasai, ana wajukuu, na mama yake yu hai. Nikaomba nipewe mama. Baada ya salamu, afya na vifo, nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza: mama, ni nani aliyekutoa kwenye wimbo?

"Miye," alisema. "Miye njo nilimuambia atoe ile jina."

Nikamwambia arudie.

"Balisema batamuona. Weye si ulikuwa pale na kibuyu yako? Miye nilijua nitaenda, na jina ao bila jina. Lakini ule mutoto, bangemuvunjia gitaa, bangemuvunjia mikono, juu ya munkoyo yangu? Alikataa, alilia. Nikamuambia, ni miye niko nakutuma, weka kinywa chini."

Nifurahi, sivyo? Na nilifurahi, machozi yalinitoka. Lakini unanijua. Simu ikiwa bado sikioni, nikaanza kushuku upya. Alijibu haraka mno. Mwanamke aliyempa kijana munkoyo bure miaka yote ile na kusema aongeze, je, hawezi kumpa na uongo mmoja wa kumsitiri? Nilimwona ukumbini akisema na kijana akitikisa kichwa, hilo kweli. Kichwa kilikuwa kinakataa nini, hilo sikulisikia. Nilifungua mdomo nimuulize.

"Uko nayo, ile wimbo?" akaniuliza yeye. "Unipigie."

Nikamwambia sina ile ya zamani, ninayo yenye shimo tu. Akasema hata hiyo. Basi nikaziweka simu mbili mdomo kwa mdomo, yangu na ya binti yangu, na wimbo ukaanza. Nilimsikia akicheka kile kinanda cha mbuzi. Kwetu Panda sasa hakuna king'ora, ukumbi umebaki kuta, na munkoyo inauzwa ndani ya chupa za plastiki na watu nisiowajua. Gitaa likashuka. Ngoma ikagonga. Kijana wetu akavuta ile pumzi yake.

"Mama Mapasa wa Panda!" aliita mama mwenyewe, kwa sauti ya kizee iliyokwaruza, sawasawa na ngoma, hakuchelewa wala hakuwahi. "Munkoyo iko wapi?"

Na kutoka nyuma yake, mbali kidogo na simu, nikasikia sauti mbili za watu wazima zikijibu. Nikajibu nazo.