Mshipi wa Moto na Mizani ya Ndengu

Niliishi na mume wangu miaka kumi na minne, tukapata watoto watatu, kabla kanisa halijatutambua. Kwetu hilo si ajabu. Mnaanza maisha, mnajenga, mnasomesha, halafu siku moja kanisa linawakusanya nyote mliochelewa na kuwafungisha ndoa kwa mkupuo. Mimi nilikuwa nimeahirisha mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ya mimba, mara ya pili kwa sababu ya aibu tu. Mama yangu, anayenunua na kuuza ndengu kule sokoni Ishiara, aliacha kuniuliza, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko maswali yake.

Mara ya tatu nilijiandikisha nikiwa nimeamua kweli. Kisha nikaletewa gauni. Kanisa letu huazima magauni kwa maharusi, na lililokuwa limebaki kabatini lilishonewa mtu ambaye nadhani hakuwahi kukutana na chapati. Sharti lilikuwa moja: mkasi usiliguse. Nililivaa, zipu ikapanda hadi katikati ya mgongo, ikagoma. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Mtu mwenye akili angepunguza kula. Mimi niliagiza mshipi wa moto kwa simu. Mrembo wa kwenye video alieleza kwamba unaufunga kiunoni, unauchomeka kwenye umeme, na mafuta yanayeyuka huku umekaa. Nilimwamini kwa sababu nilitaka sana kukaa.

Basi kila nikitoka ofisini nilikuwa najifunga mshipi huo nyumbani kwetu Dallas, mtaa wa hapa mjini na si ule mji wa Marekani, nikikaa karibu na soketi kama simu inayochajiwa. Mume wangu alipita siku ya kwanza, akanusa, akauliza ni nani anachoma viatu. Nikamwambia ni mafuta yanatoka. Akasema basi yanatoka yakiwa na hasira. Tumbo lilipata mstari mwekundu uliowasha, na mimi nikauchukulia huo mwasho kuwa maendeleo. Mizani sikuwa nayo. Ile ya duka la dawa mjini siipandi, kwa maana mwenye duka husoma kilo za watu kwa sauti ya mtu anayetangaza mazishi.

Jumamosi iliyofuata nikaubeba mshipi kwenda Ishiara, kwenye mizani ya mama. Ni mizani ya chuma ya kupimia magunia, na haina maneno mengi. Nilipanda, mama akasogeza kile chuma cha uzito, akanitajia kilo zangu bila kupepesa jicho. Kisha nikajifunga, nikachomeka, nikakaa katikati ya magunia saa nzima. Ieleweke kwamba Ishiara adhuhuri ni joto la bure, linatosha kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Mimi nikaongeza langu la kununua. Jasho lilinitiririka hadi kwenye viatu.

Nilipopanda tena, kilo moja na nusu ilikuwa imepotea. Nilicheza pale pale, mbele ya ndengu za watu. Nilikuwa nishapiga hesabu ya wiki mbili zilizobaki na kujiona nikiingia kanisani mwembamba kama mrembo wa video.

Mama hakucheka. Alichota maji kwenye mtungi, jagi zima, akaniambia ninywe yote. Nilikuwa na kiu, nikanywa. Akanirudisha kwenye mizani. Kilo yangu moja na nusu ilikuwa imerudi nyumbani, salama salimini.

Sasa, mama ana mazoea yake. Mkulima akileta ndengu, yeye huchukua punje moja akaiuma kwa meno ya mbele. Jino likizama, hanunui, kwa maana anajua gunia hilo lina maji ndani, na likianikwa litapungua kilo huku punje zikibaki zile zile. Amefanya hivyo maisha yake yote. Mimi, binti wa mwanamke huyo, nililishwa na kusomeshwa na kazi hiyo, kisha nikaenda kununua jasho langu mwenyewe.

"Wewe umeanikwa tu," akasema. "Punje ziko zote."

Hapo nikalia, na sikulia kidogo. Nikamwambia gauni halitaingia, kwamba nitaonekana kituko mbele ya watu wote, kwamba ni afadhali nisubiri mwaka ujao nikiwa nimepungua kweli. Mama alikaa juu ya gunia, akauchukua mshipi, akauweka mgongoni pake panapomsumbua, akakaa nao kitambo. Alisema kwa mgongo unafaa. Hajanirudishia mpaka leo.

"Mimi nilikuambia upungue?" akauliza. "Mimi nilikuambia uende kanisani."

Kisha akaniagiza nimletee gauni. Gunia likijaa kupita kiasi, wafanyabiashara hawalikati. Wanashona wavu mdomoni, wanavuta kamba, mzigo unakaa. Mama alinunua kitambaa cheupe cha lesi sokoni, akachukua sindano yake kubwa ya magunia, na siku ya harusi akanishonea lesi hiyo mgongoni nikiwa ndani ya gauni, kutoka pale zipu ilipogomea hadi juu. Mkasi haukuligusa. Shela ilifunika yote, na kwenye picha sisi wawili tu ndio tunaojua.

Kanisani alisimama nyuma yangu kama shahidi. Wakati wote wa viapo nilikuwa nimebana pumzi nikiogopa uzi utakatika. Tulipopiga magoti mbele ya mchungaji nikasikia vidole vya mama chini ya shela, vikikagua fundo kama anavyokagua gunia kabla halijapakiwa. Vikabaki hapo kidogo.

"Imeshika," akaninong'oneza. "Sasa pumua."